Gari la vyombo mbele ya mlango: chombo kikivunjika, nani anarudi?

Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia, tunaona magari yale yale mbele ya garaji na makampuni ya kando ya barabara ya Kolwezi kuelekea Likasi. Hiace nyeupe iliyotolewa viti vya nyuma. Dyna yenye bashi ya buluu. Kuna hata mmoja anayekuja na taksi ndogo, nyuma imejaa mpaka magurudumu yanalala. Wanafungua milango, wanatandika bashi chini, na ndani ya dakika tano pamekuwa soko: kle za 8 mpaka 32, kofre za dui, pensi, turnavisi, mashini za kukata chuma, disiki, glavu, miwani, kadena. Mtu anatoka kazini, mafuta bado mikononi, anainama anachagua. Hana makuta yote? Haina shida. Jina linaandikwa katika kaye, nusu leo, nusu mwezi unaokuja.

Sisi wa sendika tumepita mbele ya magari haya miaka mingi bila kusimama. Tulikuwa na mambo mengine: mikataba, masaa ya ziada, uchaguzi wa madelege. Biashara ya mlangoni tuliiona kama mandazi ya asubuhi, kila mtu na mfuko wake. Tulisimama siku kijana mmoja wa ateliye ya makamyo alipotuletea nusu ya dui katika mfuko wa plastiki, na plasta kubwa chini ya jicho lake la kuume.

Alikuwa anafungua nati za gurudumu la kamyo ya benne kwa pistole ya upepo. Dui ya 33 ikapasuka katikati kama karanga. Kipande kimoja kilimpata shavuni. Vidole viwili juu zaidi, leo tungeandika habari nyingine. Kofre ile aliinunua kwa dola 85 katika Hiace nyeupe: 40 siku ileile, 45 zilibaki. Alipokuwa bado na nyuzi shavuni, mwisho wa mwezi ukafika, na Hiace nayo.

“Papa, hii dui yako njo ilinipasua uso. Nitakulipa nini tena?”

“Mwana, mi nilikuuzishia dui ya mukono. Weye ukaitia ku pistole. Haiko makosa yangu. Leta 45 yangu.”

Hapo ndipo tulipoitwa. Tulifika na moto, barua ya mashtaka tumekwisha kuiandika kichwani. Muuzaji alitupokea bila kelele. Alitoa dui mbili akaziweka juu ya bonete ya gari, moja nyeupe inayong'aa, nyingine nyeusi, nene, mbaya kwa macho. Akatuambia tupime uzito. Nyeupe ni ya kufungua kwa klike, kwa nguvu ya mkono. Chuma chake kimefanywa kigumu sana na kimepakwa kroma juu. Ukikipiga mapigo ya pistole, mamia kwa dakika, hakinyooki wala hakijikunji, kinapasuka na kuruka. Ile nyeusi imetengenezwa kwa chuma chenye kuvumilia mapigo, na ukuta wake ni mnene. Ndiyo maana bei yake iko juu. Tuliuliza baadaye kwa mafundi wawili wazee, mmoja wa Likasi. Wote walisema lile lile: mwenye Hiace hakudanganya.

Basi tukabaki na aibu kidogo, tunasema wazi. Lakini tulimwuliza swali moja: siku unamuuzishia, ulimwambia?

“Hakuniuliza.”

Hapo tulielewa kwamba maneno yetu na huyu bwana hayajaisha, na kwamba si yeye peke yake tunayepaswa kumwuliza.

Tulichukua kaye yetu, tukaanza kupita katika ateliye, kwa waliokubali kusema: mekanisyen, wachomeleaji, watu wa umeme, watu wa matairi. Kila mmoja tulimwuliza amenunua nini katika magari haya, na siku kilipoharibika aliona nini. Tulidhani tutakusanya malalamiko tu. Hapana. Kuna waliosifu. Mchomeleaji mmoja alisema mwenye Dyna alimbadilishia mashini iliyoungua siku ya tatu, bila neno, na alimletea yeye mwenyewe mpaka kwake kartye, siku ya mungu, mvua inanyesha. Mwingine alisema kama si hayo magari angefanya kazi na kle za kuazima mpaka leo, kwa sababu dukani mjini hakuna anayemkopesha mtu asiye na lupangu. Hilo ni kweli na tusilidharau. Muuzaji wa gari anamkopesha mtu kwa kumtazama uso na kujua anatokea mlango gani.

Lakini mengi yalikuwa machungu. Linalorudi zaidi ni kwamba garanti iko katika mdomo tu. “Ikivunjika utaniona,” na unamwona kweli, lakini anakuambia kofre ile ilikuwa ya ndugu yake, au arivaji ile imeisha, ngoja ingine inatoka Kasumbalesa. Karatasi hakuna. Wengi tuliowauliza hawakuwa na fakture hata moja, na kaye ya madeni anayo muuzaji peke yake. Mtu wa matairi alilipa dola 20 mbele ya wenzake, mwezi uliofuata kaye ikasema 10. Mwingine alilipa kwa noti yenye kapasuko kadogo pembeni. Muuzaji akaipokea siku hiyo, akairudisha wiki mbili baadaye kwamba mabenki wameikataa, na deni likasimama tena. Sisi wote wa huku tunajua hadithi ya dola iliyopasuka, lakini nani anaweza kuthibitisha kwamba ni noti ile ile?

Tena kuna alama za uongo. Kle imechongwa maneno ya kroma na vanadi, na jina la fabrike kubwa ya Ulaya lenye herufi moja iliyokosewa. Unaifunga nati mara tatu, mdomo wake umefunguka kama wa samaki. Mafundi walitufundisha kuangalia: mdomo ulionyooka, usio na mshono wa kumwagwa katikati, namba iliyochongwa ndani ya chuma na si kubandikwa, na nati mpya uiingize pale pale mbele ya muuzaji. Ikicheza, mrudishie.

Disiki za kukata chuma ndizo zilitutia woga kuliko dui. Watu wengi, na sisi pia, hatukujua kwamba disiki ina tarehe ya mwisho. Iko katika pete ndogo ya chuma pale katikati, mwezi na mwaka, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe. Gundi inayoshika mchanga wake inachoka, na unyevu unaichosha haraka zaidi. Sasa fikiria disiki zinazolala ndani ya Hiace majira yote ya mvua, mchana jua la bati, usiku maji yanavuja mlangoni. Tena namba ya mizunguko: disiki ya milimita 230 imefanywa kwa karibu mizunguko 6.600 kwa dakika, ile ya 125 kwa karibu 12.200. Kijana anatoa kinga ya mashini ndogo ili aingize disiki kubwa, apate kukata haraka. Mashini inazungusha karibu mara mbili ya kile disiki inaweza. Katika Dyna tulikuta disiki ambazo tarehe yake ilipita mwaka na nusu. Mwenye mali alishangaa kweli kweli. Hakuwa anajua kwamba ile namba ni tarehe. Alizitupa mbele yetu, na tunamheshimu kwa hilo.

Mwenzetu mmoja wa zamani, aliyeenda Marekani na kupata kazi ya garaji kule, alitutumia sauti ndefu kwa WhatsApp tulipomweleza. Kule, alisema, gari la vyombo ni kazi ya heshima. Linapita katika kila garaji siku ile ile ya wiki, tuseme kila jumatano, saa ile ile. Kampuni ya Snap-on, iliyozaliwa Milwaukee mwaka 1920, ilianza na wazo rahisi: mipini 5 na dui 10 zinazobadilishana, mahali pa kununua kle nzima kwa kila nati. Leo muuzaji wa gari kama lile ni mtu mwenye biashara yake chini ya jina la kampuni. Kle ya mkono ikivunjika, unaingia ndani ya gari na vipande viwili, unatoka na nzima. Deni linalipwa kidogo kidogo kila wiki. Tulitamani. Lakini mwenzetu huyo hakutuficha upande mwingine. Kule pia mekanisyen anajinunulia vyombo vyake, na wako vijana wanaodaiwa maelfu ya dola kwa ajili ya kabati la kuwekea kle tu. Vyombo vya umeme na vya kupimia havina garanti ya maisha. Na muuzaji wa njia yako akiacha kazi, unaweza kubaki na chombo kilichovunjika mkononi, unangoja atakayechukua njia ile.

Kilichotugusa katika sauti yake si Snap-on. Ni jumatano. Garanti yote ya kule imesimama juu ya jambo moja, kwamba mtu yule atarudi jumatano. Wetu anarudi pia, hawezi kukosa, lakini anarudi siku ya mshahara, kuchukua. Siku chombo kinavunjika, tarehe 9 au 14, hayupo, na namba yake ya simu haiite.

Wazee wetu wanatucheka tukisema haya. Kwao swali lenyewe lilikuwa halipo. Katika ateliye kubwa za Gécamines, pale Panda na kwingine, mfanyakazi alikuwa na jeton zake, vipande vya chuma vyenye namba yake. Asubuhi anaacha jeton kwa dirisha la magazeni, anapewa kle. Jioni anarudisha kle, anachukua jeton. Ikivunjika anaonyesha vipande, inaandikwa, anapewa nyingine. Kofre ya kwako mwenyewe ilikuwa ya kutengenezea kinga ya jirani. Kisha ukaja wakati wa kuanguka, na mwaka 2003 na 2004 ile operesheni ya kuondoka kwa hiari, ambamo watu zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka na bahasha. Wakati kazi ya migodi ilipoamka tena, sehemu kubwa ilirudi kupitia makampuni madogo ya sous-traitance. Mengine yanaanza na ofisi moja, magari mawili, na tangazo la kazi linalosema: mekanisyen mwenye ujuzi, aje na kofre yake.

Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yanayomfanya mwenye Hiace awepo mlangoni. Sisi tuliyasoma mara ngapi bila kuyaona!

Tulirudi kwa mwajiri wa yule kijana. Ateliye ina kompresa, ina pistole mbili nzuri. Dui nyeusi? Hakuna hata moja. Yaani kampuni imenunua kinachopiga, imemwachia mfanyakazi kununua kinachopigwa. Na tulipouliza kama ajali imetangazwa kwa CNSS, ile wengi bado tunaita INSS, mtu wa ofisi alitujibu bila haya: “Chombo kilikuwa chake mwenyewe. Haiko ajali ya kazi.”

Ndugu wasomaji, mshike hili vizuri, kwa sababu jibu hilo tumelisikia tena mahali pengine. Sheria ya Julai 15, 2016 juu ya usalama wa jamii haiulizi kle ni ya nani. Ajali inayompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi au akiwa katika kazi ni ajali ya kazi, chanzo chake kiwe chochote. Kijana alikuwa katika ateliye ya kampuni, masaa ya kampuni, gurudumu la kamyo ya kampuni. Mwajiri anatangaza, basi. Na Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri aangalie usalama na afya ya mtu mahali pa kazi. Haisemi popote kwamba kofre ya mfanyakazi inamtoa mwajiri katika mzigo huo.

Kuhusu muuzaji pia sheria haiko kimya. Kitabu cha tatu cha Kodi sivile, dekre ya zamani sana ya Julai 30, 1888, inasema muuzaji anadhamini kasoro iliyofichika, ile inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa makuta, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Haihitaji muuzaji aseme “garanti”. Lakini bila karatasi utathibitishaje kwamba ulinunua kwake? Kwa kesi ya dui nyeupe kulikuwa na fundo jingine: haikuwa na kasoro. Ilikuwa dui nzuri iliyowekwa mahali pabaya na mtu ambaye hakuna aliyemfundisha.

Kuna garaji moja ambako muuzaji alikuwa amepatana na mtu wa mishahara, deni linakatwa moja kwa moja katika lipa ya mfanyakazi, kabla hajaigusa. Wengine walipenda, kwa sababu hakuna kukimbizana. Sisi tulikataa, na tuligombana na wenzetu juu yake. Kodi ya kazi haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara anavyotaka, na deni la mfanyabiashara wa mlangoni si kodi ya Serikali wala fungu la CNSS. Zaidi ya hayo, ukikatwa hivyo, siku kle imepasuka huna tena neno la kumshikia muuzaji. Makuta yamekwisha kwenda. Lile deni dogo unalobaki nalo, kwa mtu asiye na fakture, ndilo linalomfanya muuzaji akusikilize.

Tulikutana na wauzaji wanne chini ya muembe, mbele ya kantini, jumamosi moja mchana. Hawakuja kwa kutupenda. Walikuja kwa sababu tuliwaambia kwamba tutabandika mlangoni namba za magari ya wanaoheshimu watu, na wengine tutawaacha bila kuwataja. Mazungumzo yalichukua zaidi ya masaa matatu. Walikuwa na uchungu wao: watu wanaobadilisha mgodi na deni la dola 60 mfukoni, wanaofanyisha klike kazi ya nyundo kisha wanadai mpya, polisi wa barabarani wanaokula faida njiani kati ya Kasumbalesa na hapa. Mmoja alitoa kle iliyoongezewa bomba la mita moja na nusu mpaka ikajikunja, akauliza kama hiyo nayo ni garanti. Tulicheka wote, hata mwenye kle alikuwepo.

Walikubali haya: kaye mbili, moja kwa muuzaji na moja kwa mnunuzi, zinatiwa sahihi pamoja. Karatasi, hata ya mkono, yenye tarehe, bei, namba ya gari. Noti inaangaliwa pale pale, ikishapokelewa imepokelewa. Na kupita kila ijumaa ya pili, mshahara uwepo au usiwepo, kwa ajili ya vilivyovunjika. Kuhusu kurudisha makuta walikataa kabisa, kubadilisha tu. Kuhusu dui na disiki, muuzaji atasema kabla ya kuuza ni ya mkono au ya mashini, na ataonyesha tarehe. Watatu walitia sahihi. Wa taksi aliomba kufikiri, hatujamwona tena.

Ijumaa ya pili ya kwanza, Hiace ilikuja, Dyna ilikuja. Watu sita walibadilishiwa, wawili walikataliwa, mmoja wao kwa haki. Ijumaa iliyofuata Hiace peke yake.

Zile dola 45? Muuzaji alishusha mpaka 25 na kumpa kijana dui moja nyeusi ya 33. Kijana alilipa, karatasi tumeiona. Ajali ilitangazwa mwishoni, baada ya barua yetu ya tatu. Mwajiri naye alinunua seti moja nzima ya dui nyeusi, na tulipiga makofi. Seti hiyo inafungiwa katika ofisi ya shefu wa ateliye. Shefu anaenda kwake saa kumi na moja jioni, na funguo mfukoni. Ekipe ya usiku inafungua nati za benne kwa zile nyeupe. Barua ya nne iko mezani kwao tangu jumatatu.